Vocha 40 za zawadi kwa watoto wa kipaimara: siku 90 ni halali? Na chenji je?

Katibu_Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Kamati yetu hapa Uyole ina watoto 40 wa kipaimara mwezi Desemba. Badala ya kununua nguo na viatu tusivyojua saizi yake, tumekubaliana kila mtoto apewe vocha ya sh 25,000 ya duka moja la nguo pale Mwanjelwa. Jumla ni sh 1,000,000 na duka linataka ilipwe yote kwa mkupuo kabla ya kuchapa.

Wametutumia mfano. Mbele kuna jina la duka, thamani na picha ya keki. Nyuma kuna haya tu: "Vocha hii haibadilishwi kwa fedha taslimu. Itumike ndani ya siku 90. Hakuna chenji."

Mjumbe mmoja anasema kasoma mtandaoni kuwa kisheria vocha ya zawadi lazima idumu miaka 5, kwa hiyo hizo siku 90 ni batili. Mwingine anasema Tanzania hakuna sheria kabisa, muuzaji anaamua anavyotaka. Nani yuko sahihi? Na kabla hatujatoa hela tukague nini? Baadhi ya watoto wanaishi Makambako na Mafinga, watakuja Mbeya pale watakapopata nafasi.

Mdai_Haki

Katibu, wote wawili wamekosea, ila kila mmoja kakosea upande wake.

Miaka 5 ni ya Marekani. Sheria yao ya mwaka 2009, ambayo kanuni zake za kadi za zawadi zilianza kutumika tarehe 22 Agosti 2010, inasema fedha iliyo kwenye kadi iliyolipiwa isiishe muda kabla ya miaka 5, na makato ya kadi kukaa bila kutumika yasianze mpaka ipite miezi 12. Ireland nao wana miaka 5 tangu tarehe 2 Desemba 2019. Australia wana miaka 3 tangu tarehe 1 Novemba 2019. Wa karibu nasi ni Afrika Kusini: Sheria yao ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008, kifungu cha 63, inasema vocha iliyolipiwa haifi mpaka itumike yote au ipite miaka 3, na fedha ambayo haijatumika ni mali ya aliyeshika vocha. Mtu akikuletea makala ya mtandaoni, kwanza tazama ni ya nchi gani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfunga muuza nguo wa Mwanjelwa.

Kwetu muda wa vocha haukuwekewa idadi ya siku. Siku 90 peke yake si kosa. Lakini muuzaji hayuko huru kama mjumbe wenu wa pili anavyodhani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, pamoja na kumdanganya kuhusu haki zake au masharti ya kile anacholipia. Na kuna Sheria ya Mikataba, Sura 345: makubaliano ni yale mliyoyajua na kuyakubali mlipolipa. Tangazo lililobandikwa ukutani wiki mbili baadaye, au mhudumu kusema "siku hizi tumebadilisha", haliongezi sharti kwenye vocha ambayo fedha yake ilishaingia.

Sasa rudi kwenye mfano wako. "Ndani ya siku 90." Kuanzia lini? Siku mliyolipa? Siku ya kipaimara? Siku mtoto alipopokea bahasha? Vocha haina tarehe hata moja. Duka litahesabu tangu mlipolipa, mtoto atahesabu tangu alipopewa, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, lakini usiende dukani na hoja hiyo mfukoni wakati leo unaweza kuyasahihisha bila gharama. Dai tarehe kamili ya mwisho iandikwe: siku, mwezi, mwaka. Usikubali kuhesabu siku.

"Haibadilishwi kwa fedha taslimu" ni sharti la kawaida na ni halali mradi mmelijua. Ila lina mpaka. Linamzuia mtoto kuja kuomba 25,000 mkononi kwa sababu hajapenda nguo. Halimpi muuzaji haki ya kukaa na fedha wakati hana bidhaa ya kutoa, au amefunga, au anakataa vocha yake mwenyewe. Hapo ni yeye aliyevunja ahadi.

Na kitu kilichonunuliwa kwa vocha kina haki zilezile za kitu kilichonunuliwa kwa noti. Kiatu kikibanduka soli wiki ya kwanza, "vocha haina kurudisha" si jibu.

Jingine linalochanganya watu: vocha ya kulipiwa na vocha ya bure. Duka likisema "nunua ya laki moja upate vocha ya elfu kumi", hiyo elfu kumi ni promosheni na duka lina nafasi kubwa ya kuiwekea muda mfupi, hata wiki mbili. Hata zile sheria za Marekani haziwapi kadi za promosheni ile miaka 5. Zenu ni za kulipiwa. Hakikisheni kwenye karatasi pameandikwa neno "imelipwa", kusudi mhudumu mgeni asije akaichukulia kama ya promosheni.

Kauntini_Mshindo

Kamwene. Naongeza upande wa kauntini, maana vocha nyingi hazikwamishwi na sheria, zinakwamishwa na karatasi.

Vocha isiyo na namba ni hatari kwa pande zote mbili. Mfano wenu ukipelekwa steshenari yoyote yenye mashine ya rangi, kwa dakika tano unapata vocha 60 badala ya 40. Zikirudi dukani 47, muuzaji atakataa zipi? Atakataa zilizokuja mwisho, na huenda hizo ndizo halali.

Kinga ya bei rahisi ni kitabu chenye vishina. Kila ukurasa una sehemu mbili: kishina kinachobaki kitabuni na vocha inayokatwa. Namba ileile pande zote, 001 hadi 040. Muhuri wa duka unapigwa juu ya mstari wa kukatia, nusu ibaki kwenye kishina na nusu iende na vocha. Kisha kata kwa mkasi kwa mkono, usitumie rula. Vocha ikirudi, mhudumu anaiweka pembeni ya kishina chake: mkato uingiane, na mduara wa muhuri ukamilike. Kopi inaweza kuiga rangi na namba, lakini ikikatwa upya mkato wake hautaingiana na kishina. Wino wa muhuri uachwe ukauke kabla ya kukata, la sivyo unapakaa na mduara hausomeki.

Kwenye vocha yenyewe pawe na namba, thamani kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, duka au matawi inapopokelewa, jina la biashara kama lilivyosajiliwa, na sahihi ya mwenye mamlaka. Picha ya keki ibaki kama mnaipenda.

Kuhusu chenji, fanyeni hesabu kabla ya kukubali. Chukulia suruali ya mtoto ni 22,000. Mtoto akiinunua kwa vocha ya 25,000 isiyo na chenji, 3,000 imebaki dukani. Mara 40 ni 120,000. Yaani kwenye milioni yenu asilimia 12 mmemwachia muuzaji bila bidhaa. Wenye maduka wanalijua hili, ndiyo maana hawataki chenji. Naelewa pia kwa nini hawataki kutoa noti: vocha ingegeuka kuwa njia ya kutoa hela kwenye droo. Suluhisho la katikati ni salio kubaki: mhudumu anaandika nyuma ya vocha "Imetumika 22,000, baki 3,000", tarehe na sahihi, anaandika hivyohivyo kwenye kishina, na mtoto anarudishiwa vocha yake mpaka iishe. Au mtoto aruhusiwe kuongeza fedha yake juu. Vyote viwili viandikwe, visiwe vya mdomo.

Sasa jambo ambalo sioni mtu akilisema. Hilo duka lina lebo za bei, au ni la kupatana? Kwenye duka la kupatana, silaha ya mnunuzi ni kuondoka. Anasema elfu thelathini, unageuka, anakuita kwa ishirini na mbili. Mwenye vocha haondoki, fedha yake imeshaingia. Ataambiwa thelathini na itabaki thelathini. Kama duka halina lebo, ama mtafute lenye lebo, ama muandikiane orodha ya bidhaa kumi hivi na bei zake zitakazoheshimiwa hadi tarehe ya mwisho ya vocha.

Risiti. Dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya milioni nzima, na kumbuka kutodai risiti ni kosa la mnunuzi pia. Angalia maelezo yake yanasema nini. Ikiandikwa "nguo", siku ya ugomvi inasomeka kama mlishachukua nguo. Iandikwe "vocha za zawadi 40 kwa 25,000". Mashine ikiwa haina maelezo hayo, ombeni barua fupi yenye muhuri inayotaja namba ya risiti na vocha 001 hadi 040. Halafu itoeni kopi siku hiyohiyo, karatasi ya EFD hufifia, hasa ikikaa kwenye joto au ndani ya mfuko wa plastiki.

Kama mnalipa kwa simu, lipeni kwenye Lipa Namba yenye jina la biashara, msilipe kwenye namba binafsi ya mhudumu. Ujumbe wa muamala utaonyesha mmelipa nani.

Mzee_Igurusi

Ninyi vijana mna mambo. Huku kwetu ukitaja vocha mtu anakumbuka ile ya mbolea iliyoanza 2008: nusu bei serikali, nusu mkulima, mifuko miwili na mbegu kilo kumi kwa ekari moja. Wapo waliosaini vocha, wakala akawapa hela kidogo mkononi, mfuko wa mbolea haukubebwa. Na hizi zenu zitauzwa. Mtoto wa Makambako ataona nauli, ataiuza vocha ya 25,000 kwa 15,000 kwa jirani anayekwenda Mbeya. Wekeni noti kwenye bahasha, mmalize.

Mdai_Haki

Mzee shikamoo. Kwa watoto wa Makambako na Mafinga nakuunga mkono kabisa, vocha ya duka moja la Mwanjelwa haiwafai isipokuwa duka lina tawi huko. Kwa wa Uyole na mjini, kamati inaonekana inataka fedha isipotelee kwenye matumizi ya nyumbani, na hapo vocha ina maana.

Ila hoja ya kuuziana inaleta swali ambalo vocha yao haijibu: ni ya mtu mwenye jina, au ya yeyote atakayeileta? Ikiwa na jina la mtoto, ikipotea inaweza kufutwa kwa namba na kutolewa nyingine, na jirani hawezi kuitumia kirahisi. Ikiwa ya mwenye kuishika, ni sawa na noti, imedondoka imekwenda. Mimi ningeweka majina, pamoja na sentensi hii: "Ikipotea, itafutwa na kutolewa nyingine kwa maombi ya kamati, kama haijatumika." Ombi litoke kwa kamati, kwa sababu ninyi ndio wenye risiti.

Simu_Kabwe

Fupi tu, maana kuna wazazi watasema wanunue kadi za Apple au Google Play za watoto mtandaoni. Kadi hizo zimefungwa kwenye nchi. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti iliyosajiliwa Tanzania, hata kama namba zake ni sahihi na haijatumika. Muuzaji atasema "kadi ni nzima" na kweli ni nzima, ila kwako haina kazi.

Na kwa kadi za kukwangua: kagua sehemu ya kukwangua kabla ya kulipa. Wizi wake uko hivi: mtu anakwangua kadi ikiwa bado rafuni, ananakili namba, anabandika stika mpya, anairudisha. Kadi haina thamani mpaka iwashwe kauntini. Wewe ukilipa na ikawashwa, yeye anaiwahi kwanza. Stika yenye kona iliyonyanyuka au mng'ao tofauti na wenzake, iache.

Ukipigiwa simu na mtu anayejiita ofisa wa chochote akitaka umlipe kwa namba za kadi ya zawadi, kata simu. Hakuna ofisi inayopokea kodi wala faini kwa njia hiyo.

Katibu_Uyole

Asanteni sana. Watoto wa Makambako na Mafinga (ni 9) tumewatoa, watapewa bahasha. Zimebaki vocha 31, sh 775,000. Duka lina lebo za bei. Tumependekeza maneno haya, semeni palipobaki na tundu:

"Vocha Na. ___. Imelipwa. Thamani sh 25,000 (shilingi elfu ishirini na tano). Jina: ______. Imetolewa tarehe ______. Mwisho wa kutumika 31 Desemba ya mwaka ujao. Inaweza kutumika mara zaidi ya moja, salio litaandikwa nyuma. Haibadilishwi kwa fedha taslimu. Ikipotea, itafutwa na kutolewa nyingine kwa maombi ya kamati, kama haijatumika."

Muda wamekubali bila ubishi, nilidhani watakataa. Wanachong'ang'ania ni kulipwa yote mbele. Na je, duka likifungwa au likiuzwa katikati?

Kauntini_Mshindo

Andiko liko vizuri. Badilisha "31 Desemba ya mwaka ujao", weka mwaka wenyewe kwa tarakimu, kwa sababu "ujao" utasomwa tofauti Januari ikiingia. Na ongeza "Mteja anaweza kuongeza fedha".

Wamekubali muda kwa sababu muda hauwagharimu. Vocha iliyouzwa ni deni kwenye vitabu vya duka, haijawa mauzo mpaka bidhaa itoke. Lakini fedha yake inaingia leo, na Desemba ndiyo wakati wa kujaza mzigo. Mnachowapa ni mtaji usio na riba. Kwa hiyo mna nguvu ya kudai kitu: punguzo, au malipo kwa awamu. Ningedai hivi: nusu sasa (387,500), na nusu ilipwe kwa vocha zilizorudi. Yaani duka linawaletea vocha zilizotumika kila mwisho wa mwezi, mnalinganisha namba na orodha yenu, mnalipa, mpaka nusu ya pili iishe. Duka likifungwa katikati, kilichowapotea ni kidogo.

Kwa upande wa duka, jambo la kuwatahadharisha: wakikata EFD siku ya kuuza vocha kisha wakakata tena siku mtoto anapochukua suruali, mauzo yanahesabiwa mara mbili. Wamalizane na ofisa wao wa TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla, vinginevyo mhudumu atakataa kuhudumia vocha kwa kuogopa mashine.

Mdai_Haki

Kuhusu kuuzwa, muulize mwenye duka kama ni kampuni au ni jina la biashara tu. Kampuni ni mtu kisheria: hisa zikibadilisha mikono, deni la vocha linabaki kwa kampuni ileile. Jina la biashara si mtu. Aliyewauzia vocha ndiye mdaiwa wenu, na aliyenunua duka anaweza kusema "mimi nimenunua rafu na mzigo, madeni sikununua". Usajili wote huo upo BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na jina lililoko kwenye risiti lilingane na lililoko kwenye vocha.

Duka likifilisika, mwenye vocha ni mdai asiye na dhamana, anasubiri wenye dhamana walipwe kwanza. Hata kwenye nchi zenye sheria nyingi ni hivyo. Uingereza, Januari 2013, HMV, kampuni ya maduka ya muziki na filamu, ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi ilitangaza haipokei kadi zake za zawadi, ikabadili msimamo baada ya siku chache, tena kwa uamuzi wa wasimamizi. Ndiyo maana ushauri wa nusu kwa nusu ni bora kuliko kifungu chochote nitakachokutajia.

Ikitokea mtoto amekataliwa vocha halali, asiiache kauntini. Huo ndio ushahidi, na watu wengi huipoteza hapo. Apige picha pande zote mbili, aandike tarehe, saa na jina la aliyemkataa. Kamati iandike barua kwa duka ikitaja namba ya vocha na namba ya risiti, iwape siku 14, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, ipelekwe na watu wawili, waandike tarehe na sahihi kwenye nakala. Bila majibu, FCC ina ofisi ya kanda hapa Mbeya: peleka malalamiko ya maandishi na viambatisho hivyo. FCC inaangalia mwenendo wa mfanyabiashara. Kama mnachotaka ni fedha irudi tu, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya kiasi hicho na kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, ila unahesabiwa tangu siku ahadi ilipovunjwa, yaani siku vocha ilipokataliwa. Siku ya kununua haihusiki.

Nyongeza kwa wenye maduka wanaosoma hapa: vocha ya dukani kwako inayotumika kwako mwenyewe ni mkataba wa kawaida. Mkiungana maduka matano ya Mwanjelwa na kutoa kadi moja ya kielektroniki yenye fedha, inayopokelewa kwenye yote, mmeingia kwenye eneo la Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na huko leseni inatoka BoT (Benki Kuu). Nendeni tawi la BoT Mbeya kabla ya kuchapa kadi.

Katibu_Uyole

Wamekubali nusu kwa nusu. Ni jina la biashara, limesajiliwa, mmiliki ni mmoja na jina lake lipo kwenye risiti. Kuna haja ya sisi kuwa na kopi ya vishina?

Kauntini_Mshindo

Ipo. Siku ya kukabidhiwa, kabla vocha hazijakatwa, piga picha kila ukurasa ukiwa mzima, kishina na vocha pamoja, muhuri ukionekana kote. Kurasa 31, picha 31. Zihifadhi kwenye simu za wajumbe wawili.